Mwalimu mpya, kabla hujashika chaki: mwongozo kamili wa maadili na sheria, hatua kwa hatua

Ajira mpya za ualimu zikitoka tu simu yangu inaanza kuita. Vijana niliowafundisha kidato cha nne wamemaliza chuo, wamepangiwa vituo, na wote wanauliza vitu vilevile: nyumba ipo, mtandao unashika, hela ya kujikimu inatoka lini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza sheria inasemaje nikimchapa mtoto, au nifanye nini mtoto akiniambia baba wa kambo anamwingilia usiku. Na hivyo ndo vitu vinavyowapeleka walimu jela na kuwaacha watoto hawana pa kukimbilia.

Nimefundisha miaka 14, nimeona walimu wazuri kabisa wakipotea sio kwa ubaya wa roho ila kwa kutojua, na nimeona wengine waliojua wakaamua kufanya makusudi. Ninachotaka ushike ni kimoja tu, mambo ya mwanafunzi yafanyike mahali pa wazi na yaandikwe. Hapa naongelea Tanzania Bara, Zanzibar wana wizara yao na Sheria yao ya Mtoto ya 2011 kwahiyo ukipangiwa huko uliza ya huko.

Hatua ya 1: Jua uko chini ya nani

Kama umeajiriwa serikalini mwajiri wako ni mkurugenzi wa halmashauri, lakini nidhamu yako iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, wengi tunaiita TSC, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015. Makao makuu Dodoma na ina ofisi wilayani. Makosa madogo yanamalizwa na mkuu wa shule kwa onyo au karipio, makubwa yanapanda kwa kamati ya wilaya. Uko shule binafsi? Basi kazi yako inaongozwa na mkataba wako pamoja na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na ukifukuzwa kwa uonevu unaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, usisubiri mwaka upite ndo ukumbuke.

Chuoni walitukaririsha kwamba mwalimu ana wajibu kwa mtoto, kwa jamii, kwa kazi yake, kwa mwajiri na kwa taifa. Wengi tuliandika kwenye mtihani tukasahau. Mimi naamini mpangilio ule una maana, mtoto ametajwa wa kwanza, kwahiyo siku mkuu wa shule anakwambia nyamaza tusichafue jina la shule na huku kuna mtoto kaumizwa, unajua wa kumtanguliza ni nani.

Hatua ya 2: Karatasi zako ziwe sawa kuanzia wiki ya kwanza

Hii naipitia haraka. Azimio la kazi, andalio la somo, shajara ya somo, daftari la mahudhurio ya darasa lako, kitabu cha zamu. Ukiingia saini, ukitoka saini. Ukitaka kusafiri omba ruhusa kwa maandishi na ubaki na nakala, ile ya "nilimwambia mkuu kwa simu" haina nguvu mbele ya kamati, maana utoro wa siku tano za kazi bila ruhusa unatosha kukufukuzisha, na nimeshuhudia mtu akipoteza kazi ya miaka tisa kwa msiba aliouhudhuria bila karatasi. Na usimwandike mtoto "yupo" wakati hayupo. Rejista ni ushahidi, siku mtoto akipotea au akapatikana kaozeshwa kijiji cha pili, polisi wataanzia hapohapo kuuliza mara ya mwisho alionekana lini.

Hatua ya 3: Fimbo

Hapa tukae kidogo. Walimu wengi wanaamini serikali imeruhusu fimbo basi kila mwenye chaki anaweza kuchapa. Sio hivyo hata kidogo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu, zinasema hivi:

- Adhabu itolewe kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito, na iangalie uzito wa kosa, umri, jinsia na afya ya mtoto.
- Mwenye mamlaka ni mkuu wa shule. Anaweza kumkaimisha mwalimu mwingine kwa maandishi, na hata huyo aliyekaimishwa anahitaji kibali cha mkuu kila anapotaka kuchapa.
- Viboko visizidi vinne.
- Vichapwe mkononi au makalioni juu ya nguo, basi. Mgongo, miguu, kichwa, nyayo, hakuna.
- Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike.
- Iandikwe kwenye kitabu: jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa, na mkuu asaini.

Sasa jiulize ni mara ngapi umeona hiyo yote ikifuatwa. Kuchapa darasa zima kwa kufeli zoezi, kuchapa waliochelewa getini saa moja asubuhi na wengine wametembea kilomita saba, kuzaba makofi, kupigisha magoti kwenye kokoto, kuvuta masikio, hayo yote hayamo kwenye kanuni, ukifanya umefanya kama wewe binafsi na sheria itakuangalia kama mtu aliyempiga mtu. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza mtoto yeyote wa chini ya miaka 18 kuteswa au kupewa adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha.

Mnakumbuka Oktoba 2016 ile video ya Mbeya, walimu wa mafunzo kwa vitendo wanamshambulia mwanafunzi wa kidato cha tatu ofisini kwa ngumi na mateke. Hawakuwa hata wameajiriwa bado na safari yao ikaishia pale. Halafu Agosti 2018 Bukoba, mtoto wa darasa la tano akafariki baada ya kupigwa na mwalimu, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikamtia mwalimu hatiani kwa kuua kwa makusudi na kumhukumu adhabu ya kifo. Chanzo kilikuwa tuhuma ya mkoba wa mwalimu kuibwa. Mtoto wa darasa la tano, jamani.

Ushauri wangu ni usichape kabisa. Kenya waliifuta adhabu ya viboko shuleni tangu 2001 na shule zao zinaendelea. Mimi niliacha mwaka wangu wa tano, na nikwambie ukweli mwezi wa kwanza darasa lilinisumbua mpaka nikatamani kurudia, nikaanza kukaa na mtoto mmojammoja baada ya vipindi, namuuliza kwanini kazi hajafanya, nikakuta nusu yao nyumbani hakuna hata taa. Kazi nikaanza kuwapa waifanye shuleni kabla ya kuondoka, makelele yenyewe yakapungua. Kwa wakorofi kweli kuna mwalimu wa nidhamu, kuna ushauri nasaha, kuna kuita mzazi, kuna kumsimamisha kwa kufuata taratibu. Na ukiwa na hasira toka nje ya darasa, tembea mpaka mti wa mwisho urudi.

Hatua ya 4: Mipaka yako na mwanafunzi

Hii ndo hatua ninayoomba uisome mara mbili.

Mwanafunzi sio mchumba, hata awe na miaka 20, hata awe kidato cha sita, hata awe yeye ndo aliyekuandikia barua. Sheria iko hivi: aliye chini ya miaka 18 hawezi kukubali tendo la ndoa, akikubali au asikubali ni ubakaji na kifungo chake ni miaka 30, na kama mtoto ana chini ya miaka 10 ni maisha. Kisha mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikabadilishwa, kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa lenye kifungo cha miaka 30 na hapo umri wake sio utetezi, kumuoa mwanafunzi ni kosa vilevile, na anayesaidia mipango ya kumuozesha anaweza kulipa faini isiyopungua milioni tano au kwenda jela miaka mitano au vyote viwili. Mwalimu anayepokea bahasha ili aandike "amehama" kwenye rejista wakati anajua binti kaolewa, na yeye yumo humo.

Na ukimwambia mwanafunzi utampa maksi, au utamfutia adhabu, au utampa ada, ili akupe mwili, hiyo ni rushwa ya ngono na ipo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Hata kama tendo halijafanyika, kule kudai tu ni kosa. TAKUKURU namba yao ya bure ni 113 na mwanafunzi yeyote anaweza kuipiga.

Ila mambo hayaanzi huko, yanaanza kwenye vitu vidogo, kwahiyo jiwekee mipaka ya kila siku:

Usimtume mwanafunzi nyumbani kwako peke yake, sio kuchota maji, sio kupeleka madaftari, sio kufua. Nyumba za walimu ziko ndani ya uwanja wa shule na kila mtu anaona nani kaingia saa ngapi. Kumfanyisha kazi zako za nyumbani au shambani kwako wakati wa vipindi ni unyonyaji tayari, hata bila hilo jingine.

Ukiongea na mwanafunzi faragha acha mlango wazi, au kaeni chini ya mti pale ambapo watu wanawaona ila hawawasikii. Mwalimu wa malezi ndo afanye hivi zaidi.

Meseji za saa nne usiku hapana. Kama kuna jambo la masomo liende kwenye grupu la darasa lenye mwalimu mwenzako na wazazi ndani. Mwanafunzi akikuandikia mambo ya mapenzi usimjibu kwa matusi wala kwa utani, usifute meseji, nenda asubuhi kwa mwalimu wa malezi mkiwa wawili, mwiteni mtoto kwa upole. Mara nyingi ni mtoto anayetafuta mtu mzima wa kumjali, na hilo unaweza kumpa bila kumharibu.

Zawadi kwa mwanafunzi mmoja kwa siri hapana. Unataka kumsaidia yatima sare na madaftari? Pitishia ofisi ya mkuu wa shule, iandikwe, mtoto apate na wewe ubaki salama.

Na yote haya ni kwa mwalimu wa kike pia, na kwa watoto wa kiume pia. Ulawiti wa wavulana upo, tunauongelea kidogo mno.

Hatua ya 5: Mtoto akikueleza amefanyiwa ukatili

Mwaka wangu wa pili kazini binti wa kidato cha pili alikuwa anasinzia kila siku, ana alama shingoni. Nilimuuliza mara moja akasema kaanguka, nikaona nisubiri nipate uhakika. Wiki tatu baadae hakurudi tena shule, na tulipokuja kujua ukweli wa nyumba ile ilikuwa tumechelewa. Nimeubeba mpaka leo. Sheria ya Mtoto haikutaki uwe na uhakika, inamtaka mtu yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe kwa serikali ya mtaa wake. Wewe unayekaa nae saa nane kwa siku ndo wa kwanza.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Msikilize mpaka amalize. Usimuulize "kwanini hukupiga kelele" au "ulivaa nini". Usionyeshe mshtuko.
2. Usimwahidi siri. Mwambie, "mwanangu, umefanya vizuri kuniambia, kuna watu wawili watatu inabidi nao wajue ili tukusaidie, lakini darasani hakuna atakayejua."
3. Usimhoji tena na tena. Muulize tu cha kumlinda leo: nani, lini, na je kurudi nyumbani jioni ni salama. Mengine ni kazi ya waliosomea, mtoto akihojiwa na walimu sita kila mmoja kwa namna yake maneno yanakuja kugongana mahakamani na mtuhumiwa anachomoka.
4. Andika palepale maneno yake kama alivyoyasema, sio kwa Kiswahili chako kizuri. Weka tarehe, saa, saini.
5. Mweleze mkuu wa shule na mwalimu wa malezi siku hiyohiyo. Kama mtuhumiwa ni mkuu wa shule mwenyewe, mruke, nenda kwa afisa elimu kata au moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.
6. Kama ni kubakwa au kulawitiwa, muda ni kitu kikubwa kuliko vyote. Asioge, nguo alizovaa zisifuliwe, zifungwe kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa. Afike hospitali ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi, na akiwahi zaidi ndo bora. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, hapo ndo inatolewa PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali, ila mtoto akiwa na hali mbaya anza hospitali, karatasi zitafuata. Hospitali nyingine zina vituo vya mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wanakaa sehemu moja, uliza kama wilaya yako ina hicho.
7. Ukikwama popote piga 116, Simu kwa Mtoto, ni bure.

Halafu watakuja wazee. Watakuja jioni, kwa heshima kabisa, watakwambia mwalimu hili ni la kifamilia, tumeshakaa, mhusika ametoa ng'ombe wawili, wewe ni mgeni hapa usituharibie undugu. Wapokee kwa heshima, shikamoo zote, chai ukiwa nayo, na uwajibu kwamba taarifa imeshaenda na wewe huna uwezo wa kuirudisha. Ndo maana nasema itoe siku hiyohiyo, ili wakija iwe kweli.

Hatua ya 6: Akipata mimba

Mkuu wa shule anatakiwa atunze kumbukumbu na kupeleka taarifa kila robo mwaka juu ya mimba na ndoa za wanafunzi na hatua za kisheria zilizochukuliwa. Hiyo ni kwa ajili ya kumpata aliyempa mimba, sio kumwaibisha binti mstarini. Na binti hajafukuzwa maisha, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unaruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, na mimba ikiwemo, warudi kwenye mfumo rasmi. Wazazi wengi hawajui! Kazi yako ni kumfuata nyumbani akishajifungua, kumwambia mama yake kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba shule inampokea, na akirudi kumkalisha chini yule atakayemwita "mama fulani" darasani.

Hatua ya 7: Simu yako, mitihani, na hela

Usiposti watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kufanya kazi Mei 2023 na taarifa za mtoto ziko kwenye kundi linalolindwa zaidi, bila ridhaa ya mzazi picha ya mtoto haiendi kwenye stetasi yako, achilia mbali ile tabia ya kurekodi mtoto anayeshindwa kusoma ili watu wacheke. Matokeo ya mtoto mmoja mpe mzazi wake. Nani anatumia dawa za Virusi vya Ukimwi, nani mzazi wake kafungwa, nani anakojoa kitandani bwenini, hayo hayatoki ofisini.

Mitihani ya taifa ukipewa usimamizi fuata maelekezo neno kwa neno, simu iache mbali, bahasha usiiguse kabla ya muda. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba kwa shule zote za msingi za Halmashauri ya Chemba na watoto wakarudia mtihani, wakiwemo waliosoma kwa jasho lao bila kujua watu wazima wamefanya nini. Anayempa mtoto jibu la wizi anamuibia yule wa dawati la pili.

Michango: elimu bila ada ilianza Januari 2016 kuanzia msingi mpaka kidato cha nne, na 2022 ikafika kidato cha tano na sita. Usipokee hela ya mzazi mkononi bila risiti ya shule, na usimrudishe mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango. Na tuisheni ya kulipia kwa watoto unaowafundisha wewemwenyewe mchana, naomba uiache, maana siku zinavyoenda utajikuta mada nzito unaziweka jioni.

Hatua ya 8: Safari na bweni

Mtoto akiwa mikononi mwako wewe ndo mzazi. Safari iwe na kibali cha maandishi, ridhaa ya kila mzazi, orodha ya majina nakala mbili moja ibaki shuleni, gari likaguliwe, kila mtoto na kiti chake, na mwalimu akimwona dereva anakimbiza ana haki ya kusema simama. Mei 2017 ajali ya basi la shule kule Karatu iliondoka na wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wao, kwenye safari ya kwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema tu. Bwenini jua funguo ziko wapi saa nane usiku, hakikisha mlango wa dharura haujawekewa kufuli kwa nje, na mishumaa isiingie ndani, Idodi Iringa 2009 moto uliondoka na wasichana 12.

Hatua ya 9: Ukituhumiwa wewe

Inaweza kutokea hata ukiwa msafi. Usimfuate mtoto wala mzazi wake kuomba yaishe, hata kwa nia njema, hiyo itasomeka kama kuharibu ushahidi. Usiandike chochote kwenye magrupu. Ukipewa barua ya kujieleza au hati ya mashtaka jibu kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, ukinyamaza watasonga mbele bila wewe. Piga kwa mwakilishi wa chama chako cha walimu, tafuta mwanasheria kama ni jinai, maana kesi ya polisi na kesi ya nidhamu ni vitu viwili tofauti na zinaweza kwenda pamoja. Kusanya kumbukumbu zako, andalio la siku ile, kitabu cha zamu, majina ya waliokuwepo. Una haki ya kusikilizwa, kuleta mashahidi, na kupewa uamuzi kwa maandishi.

Usiporidhika na kamati ya wilaya rufaa inaenda TSC makao makuu, na juu yake kwa Rais. Muda wa kukata rufaa una ukomo, kwahiyo barua ya uamuzi ikikufikia andika tarehe na saa uliyoipokea palepale, mbele ya aliyekuletea, na nae asaini.